Namna ya Kushindwa kwa Heshima Kuzalisha Fereti wa Rangi

Vuta kiti, tuzungumze wawili. Umeona picha ya fereti mmoja: mwili wa rangi ya chokoleti, macho meusi, na kutoka puani hadi kisogoni mstari mweupe kama mtu aliyemwagiwa maziwa. Usiku ule hukulala vizuri. Unamtaka. Tena hutaki kumnunua tu, unataka azaliwe nyumbani kwako, ili mgeni akiuliza amepatikana wapi, umjibu bila haraka: "Nimemzalisha mwenyewe."

Usione haya. Binadamu hupenda kutazamwa, na asiyeweza kujitazamisha kwa kanzu hujitazamisha kwa mnyama wake. Sikukatazi. Nakuomba jambo moja tu: ukishindwa, ushindwe mapema, ushindwe kwa heshima, na gharama ya kushindwa kwako asilipe mnyama. Njia za mkato zipo. Nitakupa zote ninazozijua.

Kwa asiyemfahamu: fereti ni mnyama wa kufugwa, mrefu, mwembamba, wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisimaji wetu. Asili yake ni mnyama wa porini wa Ulaya anayefanana naye sana, na watu wamemfuga kwa karne nyingi, tangu enzi za Warumi, kazi yake ikiwa kuingia mashimoni na kuwatoa sungura. Jina lake la Kizungu limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mwizi mdogo. Ukimfuga utaelewa kwa nini. Funguo zako, soksi zako, hata rimoti ya televisheni, vyote utavikuta nyuma ya kochi.

1. Uliza sheria kabla ya kuuliza rangi

Huko California na Hawaii kumfuga fereti ni kosa. New Zealand ilipiga marufuku kumzalisha na kumuuza mwaka 2002, na wana sababu: miaka ya 1880 waliwaachia huru maelfu yao ili wawale sungura, nao wakageukia ndege wa nchi ile, ambao wengi wao hutaga chini. Katika Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani hufugwa bila shida.

Wewe uliye Moshi au Mombasa, soma ujifunze, ila usimwagize. Mwili wa fereti husoma urefu wa mchana ili ujue msimu wa kuzaa umefika, na kwetu mchana wa Juni na wa Desemba ni karibu sawa. Pia ndege wetu hawamjui.

2. Tenganisha weupe na weupe

Kabla hujatoa hata senti, jifunze jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka: kuna weupe wa aina mbili, na mmoja si ndugu wa mwingine.

Wa kwanza ni wa albino. Mwili mzima mweupe au wa rangi ya krimu, na macho mekundu, kwa kuwa hakuna rangi ya kuificha damu iliyo nyuma ya jicho. Seli za rangi anazo, zimekaa mahali pake, lakini kiwanda ndani yake hakifanyi kazi, kwa hiyo hazitoi rangi.

Wa pili ni wa mabaka: mstari kichwani, kichwa chote cheupe kama cha panda, soksi nyeupe miguuni, kifua cheupe. Ukizidi sana humfunika mnyama mzima, akabaki na macho meusi tu. Huyu seli zenyewe hazikufika pale penye weupe. Albino ana nyumba isiyo na umeme. Huyu wa pili nyumba haikujengwa.

Kwa hiyo ukiona fereti mweupe, mtazame macho kwanza. Jicho litakuambia yule ni wa aina gani, na pia litakuambia nini cha kuogopa.

3. Ukitaka ushindi wa hakika, chukua ulio tayari

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Mpandishe albino na albino. Kila mtoto atakayezaliwa atakuwa albino, wote, uzao baada ya uzao, kwa sababu jeni ya ualbino huonekana pale tu mtoto anapoipokea kutoka pande zote mbili, na wazazi hawa hawana nyingine ya kumpa. Hakuna mfugaji wa rangi mwenye hakika kama yako. Simama kifua mbele useme, "Niliahidi weupe, na weupe huu hapa."

Wala si ushindi wa kudharauliwa. Wawindaji wa sungura wa Uingereza tangu zamani wamempenda fereti mweupe, kwa kuwa akichomoza kwenye kichaka jioni anaonekana, hachanganywi na sungura. Hasara yake ni macho. Neva za macho za albino hazigawanyiki kwenda kwenye ubongo kama inavyotakiwa, na uwezo wake wa kuona ni dhaifu, hasa kufuatilia kitu kinachokwenda. Lakini fereti ni mnyama wa pua na masikio, aliyeumbiwa giza la mashimo. Usimwache tu juu ya meza ndefu.

4. Piga hesabu mezani, kabla jike hajaingia nyumbani

Tuseme unao wawili wa kahawia iliyokoza, wazuri, na umeambiwa kila mmoja amebeba jeni ya ualbino kwa siri. Unataka mmoja mweupe kutoka kwao. Chukua kalamu.

Kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Uzao wa kawaida ni watoto wanane hivi. Moyo wako utakuambia: wawili weupe, sita wa kahawia. Moyo haujui hesabu. Robo tatu ukiizidisha kwa yenyewe mara nane unapata karibu sehemu moja ya kumi. Maana yake, katika kila wafugaji kumi wenye wazazi kama wako na uzao wa wanane, mmoja hivi ataamka asubuhi akute watoto wanane na wote si weupe. Jike hatakuwa amekosea kitu, na aliyekuuzia huenda alisema kweli tupu. Karata zimechanganywa, nawe umepewa hizo.

Sasa jibu swali ambalo hesabu hailijibu: wale sita wa kahawia, au wanane, watakwenda wapi? Waandikie majina ya nyumba zao sasa, kabla ya mimba. Watu wazima wenye mahali pa kuweka tundu kubwa, wenye pesa ya daktari wa wanyama, walio tayari kumtunza mnyama anayeweza kuishi miaka minane. Ukipata majina matatu tu, basi umeshashindwa, na umeshindwa vizuri kabisa: hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyetupwa, karatasi moja tu imechafuka. Hongera. Nenda kanywe chai.

5. Huyu wa kwenye picha, mwache

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wenye huruma hufanya ukatili bila kujua.

Seli za rangi hazianzii kwenye ngozi. Mimba ikiwa changa huanzia mgongoni, pale uti wa mgongo unapojengwa, kisha husafiri. Nyingine hushuka mbavuni, nyingine huenda miguuni, nyingine hupanda kichwani. Chache huingia hadi ndani ya sikio, gizani, ambako hakuna jicho litakaloziona. Kule hazipambi chochote. Kazi yake ni kusaidia kuweka sawa maji na chumvi za sikio la ndani, ambazo bila hizo sauti haigeuki kuwa ishara ya kwenda ubongoni. Seli zisipofika, sikio la ndani huharibika, na likishaharibika halitengenezeki.

Sasa utazame tena ule mstari mweupe ulioupenda. Ni mahali ambapo seli hazikufika. Na zikikosa kufika kwenye paji la uso, sikio lipo hapo hapo jirani.

Mwaka 2014 madaktari wa wanyama wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kupima usikivu wa fereti 152 waliofugwa majumbani. Walitumia kipimo kinachosoma jinsi ubongo unavyoitikia sauti, kwa hiyo mnyama hawezi kumdanganya mpimaji kwa kugeuka tu. Waliokuwa viziwi, wa sikio moja au yote mawili, walikuwa 44. Wale wenye kichwa cha panda na wenye mstari kichwani walikuwa viziwi wote. Si wengi wao. Wote.

Kwa hiyo picha ile iliyokunyima usingizi, kwa uwezekano mkubwa, ni picha ya mnyama asiyesikia. Ukimpandisha ili upate wengine kama yeye, rangi na uziwi vitakuja katika kifurushi kimoja, na hakuna ujanja wa kuvitenga, maana chanzo chake ni kimoja.

Njia ya mkato ipo, na ni nzuri kuliko kuzalisha. Nenda kwenye kituo kinachopokea fereti waliotelekezwa. Uliza kama wana mwenye kichwa cheupe. Mara nyingi watakuwa naye, kwa sababu aliyemnunua alidhani ni mkaidi, haji akiitwa, akamchoka. Mchukue. Akiwa amelala usimguse ghafla, weka kwanza mkono karibu na pua yake akunuse, la sivyo atashtuka akung'ate. Ukitaka kumwita, piga mguu sakafuni, atausikia mtikisiko kwa nyayo zake. Mfundishe kwa taa ya tochi na kwa ishara ya mkono. Hatazaa, ila utakuwa umempata, uzuri wote ule, na mgeni akiuliza umempata wapi utakuwa na hadithi ndefu zaidi ya "nimemzalisha."

6. Jike hangoji rangi

Huu ni ukurasa wa kusoma mara mbili.

Jike wa fereti akiingia kwenye joto, hatoki mwenyewe kama paka au mbwa. Yai lake hutoka baada ya kupandwa. Asipopandwa, joto linaendelea wiki baada ya wiki, na homoni ya estrojeni inazidi kujaa mwilini hadi inaua kazi ya uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa. Anapauka ufizi, analegea, anavuja damu chini ya ngozi, na anaweza kufa. Wengi wamekufa hivyo.

Sasa mfikirie mfugaji wa rangi. Ana jike wa rangi ya mdalasini. Dume anayemtaka, wa rangi ile ile, yuko mji mwingine, mwenyewe amesafiri, atarudi mwezi ujao. Anasema, "Nitangoja, siwezi kuharibu rangi." Jike hajui rangi. Damu yake inapungua kila siku akingojewa bwana harusi.

Usiwe huyo. Kama hutaki azae, daktari wa wanyama atamwekea kipandikizi cha homoni chini ya ngozi, au atampiga sindano, au atamtoa kizazi. Wafugaji wa Uingereza wana ujanja wao wa zamani nao ni halali: hufuga dume aliyefungwa mirija ya mbegu. Dume yule hupanda kama kawaida, jike hutoka kwenye joto, na hakuna mimba. Ndiyo hila pekee katika mwongozo huu ambayo hata jike mwenyewe huitwa kuishiriki, nami naisifu kwa moyo wote. Piga simu kwa daktari siku unapoona uke wake umevimba. Siku ile ile.

7. Usirudi kwenye damu ile ile

Utashawishika. Dume wako ana rangi ya fedha nzuri, bintiye anayo pia, na kuwaunganisha ndiyo njia ya haraka ya kuikaza rangi. Ni haraka kweli, lakini kila jeni mbovu iliyojificha nayo inakazwa pamoja. Waulize wanaomlinda fereti wa porini wa Marekani mwenye miguu myeusi, ambaye ni aina nyingine kabisa: jamii yake yote ya leo ilijengwa upya kutoka kwa wanyama saba tu, na hadi sasa wanahangaika kuongeza damu mpya, kiasi kwamba mwaka 2020 walimzalisha mmoja kwa kutumia seli zilizogandishwa tangu 1988. Wao hawakuwa na njia nyingine. Wewe unayo.

Wenye manyoya marefu, wanaoitwa angora, wanapendeza, ila majike wao wengi hawana maziwa ya kutosha. Kama huna mama wa kunyonyesha wa akiba aliyezaa wiki ile ile, wapite.

8. Usitaje rangi mapema, na picha piga Desemba

Mimba ni siku 42. Watoto huzaliwa vipofu, hawasikii, wamefunikwa manyoya mepesi meupe, wote wakifanana. Macho hufunguka wiki ya nne au ya tano. Kabla ya hapo anayekuuzia "mweupe mwenye macho meusi" anakuuzia matumaini.

Hata baada ya hapo usijifunge kwa neno. Fereti hubadilisha manyoya mara mbili kwa mwaka. Mwenye kinyago cheusi usoni wakati wa kiangazi anaweza kuingia majira ya baridi kinyago kimefifia nusu. Wa rangi ya fedha huzidi kuwa mweupe kila mwaka, mpaka siku moja jina lake la rangi halimfai tena. Kwa hiyo ukiulizwa huyu ni rangi gani, jibu: "Leo ni fedha." Neno "leo" litakuokoa na ugomvi mwingi.

Ukitaka kujionyesha, na najua unataka, mpige picha Desemba, manyoya ya baridi yakiwa mazito, karibu na dirisha, mchana. Aprili usithubutu, atakuwa ananyonyoka. Andika tarehe chini ya picha, na hapo hutakuwa umemdanganya mtu.

Na kama rangi unayoitaka haipatikani duniani, mlipe mchoraji. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alichorwa mwaka 1585 akiwa na ermini mkononi, jamaa wa fereti, na picha ipo hadi leo katika jumba la Hatfield. Ermini halisi wa majira ya baridi ni mweupe mwili mzima isipokuwa ncha nyeusi ya mkia. Huyu wa Malkia ana madoa meusi mwilini, kama majoho ya kifalme yaliyoshonewa ncha za mikia, tena amevishwa taji dogo la dhahabu shingoni. Madoa yale yalitoka kwenye brashi. Malkia alipata mnyama wa rangi aliyoitaka, na hakuna kitoto kilichozaliwa kiziwi kwa ajili yake.

9. Mnunuzi akija, mwambie usiloulizwa

Kama baada ya haya yote umezalisha, na watoto ni wazima, umebakiwa na kazi moja. Mtu atakuja na mwanawe, mtoto ataonyesha kidole kwa yule mwenye doa jeupe kichwani, na baba atatoa pochi. Hapo ndipo heshima yako ipo. Mwambie: "Huyu huenda hasikii. Ngoja tumpime." Simama nyuma ya mnyama asipokuona wala kuhisi upepo wa mkono wako, tikisa funguo, utazame masikio. Si kipimo cha daktari, na kiziwi wa sikio moja atakupita, lakini kitakuonyesha aliye kiziwi kabisa. Ukimtoa, mtoe kama mnyama wa kupendwa na si wa kuzalisha, na uandike hivyo kwenye karatasi mtakayosainiana.

Utapoteza wanunuzi wengine. Waache waende.

Jambo la mwisho lina tarehe yake. Kaskazini mwa dunia msimu wa fereti huanza kuamka mwezi Machi, mchana unaporefuka, na dume aliye kwenye msimu hupenya pale ambapo ungeapa hapapitiki. Kama nyumbani kwako kuna dume na jike wenye mstari mweupe kichwani, na wanalala tundu moja, watenganishe leo, kisha mpigie simu daktari wa wanyama kwa ajili ya jike.